Moshi wa Kuwasha kwenye Porsche 911 za Zamani: Upi wa Kawaida, Upi wa Kukutia Wasiwasi

Gari limelala gerejini wiki tatu. Unaliwasha, injini inashika mara moja, na nyuma linatoka wingu la moshi wa buluu linalojaza ua mzima. Wenye Porsche 911 za zamani wanaijua hali hii, na wengi huiogopa kuliko inavyostahili. Wapo waliofunguliwa injini nzima kwa sababu ya moshi usiodumu hata dakika moja. Wapo pia waliouzoea moshi uliokuwa ukiongezeka mwezi hadi mwezi, mpaka injini ikaharibika.

Jambo la kwanza kupima ni muda. Rangi ya moshi itakueleza kinachoungua. Muda wake ndio utakaokueleza kama kuna ubovu.

Msomaji wa Afrika Mashariki si mgeni wa gari hili. Katika Safari Rally ya 1974, Björn Waldegård alimaliza wa pili akiwa na 911, nyuma ya Joginder Singh, na hadi leo 911 za zamani hukimbia kwenye East African Safari Classic. Lakini maelezo haya yatamfaa popote alipo yeyote anayemiliki, anayetengeneza au anayetaka kununua gari la aina hii.

Kwa nini injini hii hutoa moshi

Porsche ilionyesha gari hili mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, na mpaka 1998 iliendelea kuunda 911 zenye injini inayopozwa na hewa. Injini hiyo ina silinda sita zilizolala, tatu kila upande. Katika injini ya kawaida iliyosimama, ukizima gari oili hushuka yenyewe hadi kwenye sampu. Katika injini iliyolala, sehemu ya oili hubaki kwenye ukuta wa chini wa silinda, kisha hupenya polepole kwenye nafasi za ringi za pistoni na kuingia mahali petroli inapochomwa. Ukiwasha, oili hiyo huungua na kutoka kama moshi wa buluu.

Kuna sababu ya pili. Injini hizi hazihifadhi oili yake kuu chini ya injini. Oili hukaa kwenye tangi la pembeni, na pampu mbili hufanya kazi: moja huisukuma kwenda kwenye injini, nyingine huinyonya na kuirudisha tangini. Gari likikaa muda mrefu, oili hupenya pampuni kidogo kidogo na kujikusanya ndani ya injini. Kadiri gari linavyokaa ndivyo oili inavyozidi kukaribia silinda.

Ndiyo maana moshi huu haufuati ratiba. Leo pistoni zimesimama mahali fulani, kesho mahali pengine. Leo gari limeegeshwa tambarare, kesho limeinamia upande mmoja na oili imelemea silinda tatu za upande huo. Siku moja litatoa wingu, siku nyingine halitatoa chochote.

Pima muda

Siku ukiwasha gari lililolala, shika saa na utazame bomba la moshi:

- Moshi ukitoka kwa nguvu, ukapungua na kwisha ndani ya dakika moja hivi, na usirudi ukiendesha, hiyo ni tabia ya injini.
- Ukidumu dakika kadhaa kila ukiwasha, hata kama gari lililala usiku mmoja tu, anza uchunguzi.
- Ukirudi injini ikiwa imepata moto, hasa ukikanyaga mafuta, kuna kitu kimechakaa.
- Ukizidi mwezi hadi mwezi huku oili ikipungua haraka kuliko zamani, usingoje.

Kuhusu upungufu wa oili, kumbuka kwamba injini hizi hunywa oili kwa asili. Vitabu vya Porsche vya enzi hizo viliruhusu hadi lita 1.5 kwa kila kilomita 1000. Kwa hiyo linganisha gari lako na lilivyokuwa mwaka jana, wala usililinganishe na gari dogo la jirani.

Kisha soma rangi

Buluu au kijivu chenye harufu kali ni oili inayoungua.

Nyeupe nyepesi, inayotoweka hewani papo hapo asubuhi ya baridi, ni mvuke wa unyevu uliojikusanya ndani ya bomba. Haina madhara. Injini inayopozwa na hewa haina rejeta wala maji ya kupoza, kwa hiyo gasketi haiwezi kuvujisha maji ndani ya silinda.

Nyeusi ni petroli iliyozidi. Kwenye 911 hizi, chunguza kabureta au mfumo unaoongeza petroli injini ikiwa baridi. Ringi hazihusiki hapo.

Kosa linalosababisha moshi mwingi kuliko ubovu

Oili ya 911 inayopozwa na hewa hupimwa injini ikiwa na moto kamili, ikinguruma taratibu, gari likiwa tambarare. Ukipima asubuhi injini ikiwa baridi na imezimwa, sehemu ya oili imekwisha kushuka injinini, na kijiti kinaweza kuonyesha kwamba tangi ni tupu. Mwenye gari hushtuka, akaongeza lita moja, pengine mbili.

Akiwasha, pampu hurudisha oili yote tangini. Tangi hufurika, na oili ya ziada hupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa ya injini. Huko huvutwa ndani na kuchomwa, na moshi wake hufunika barabara. Kabla ya kumwita fundi, peleka gari likapate moto, pima upya kwa utaratibu huu, na kama oili imezidi, itoe hadi ifike katikati ya alama mbili za kijiti.

Ubovu wa kweli

Bushi za valvu zikichakaa, oili hupita pembeni ya shina la valvu. Katika injini hii valvu za kutolea moshi ziko upande wa chini, na oili hubaki imezizunguka gari likizimwa. Dalili nyingine huonekana barabarani: unashuka mteremko umeachia mafuta, kisha ukikanyaga tena, wingu la buluu linatoka.

Ringi zikichakaa, moshi huonekana gari likivuta mzigo au likipanda mlima, na nguvu hupungua.

Kwenye 911 Turbo za kuanzia 1975, chunguza pia sili za turbo na valvu ndogo inayozuia oili isishukie kwenye turbo gari likiwa limezimwa. Valvu hiyo ikikwama, oili hujaa humo, na moshi wa kuwasha unaweza kuwa wa kutisha ilhali injini yenyewe ni nzima.

Kwa wenye Boxster na 996

Boxster ya Porsche iliingia sokoni 1996 na 911 aina ya 996 ikafuata. Hizi hupozwa kwa maji. Moshi kidogo wa kuwasha bado ni wa kawaida kwa sababu silinda zimelala vilevile. Lakini ukiona wingu zito jeupe au la buluu lisilokwisha, shuku kwanza kifaa kinachotenganisha oili na hewa ya ndani ya injini. Utando wake ukipasuka, injini huvuta oili moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Jaribio ni rahisi: injini ikinguruma taratibu, jaribu kufungua kifuniko cha oili. Kikiwa kimevutwa kwa nguvu kiasi cha kukataa kutoka, kifaa hicho kimekufa. Zima gari na ulivute hadi gereji, kwani oili nyingi ikijaa ndani ya silinda inaweza kupinda koneksheni ya pistoni.

Bomba la upande mmoja likiwa na masizi mengi kuliko la pili, na injini ikigonga kidogo, omba silinda zitazamwe kwa kamera. Huenda kuta zake zimekwaruzika. Na kama maji ya kupoza yanapungua huku moshi mweupe ukiwa na harufu tamu, maji yanaingia ndani ya injini.

Cha kufanya nyumbani

1. Usiwashe gari kulisogeza tu kisha ukazima. Ukiwasha, liendeshe nusu saa.
2. Egesha tambarare.
3. Usiliache likae wiki nyingi bila kuendeshwa.
4. Fungua mlango wa gereji kabla ya kuwasha. Moshi una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.
5. Andika tarehe, kilomita na kiasi cha oili unachoongeza.

Kabla ya kukubali injini ifunguliwe

Mwombe fundi apime kompresheni, kisha aingize hewa yenye shinikizo katika kila silinda na kusikiliza inakovujia. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Ikisikika kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Ikisikika kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Plagi nazo zitazamwe: yenye oili itaonyesha silinda yenye tatizo.

Vipimo hivi havionyeshi uchakavu wa bushi za valvu, kwa hiyo majibu mazuri pamoja na moshi wa baada ya mteremko yanaelekeza huko. Anayenunua gari naye asikubali kukuta injini imekwisha kupashwa moto. Amwambie muuzaji aliache lipoe usiku kucha, aende mapema, na alishuhudie likiwashwa akiwa amesimama nyuma yake na saa mkononi.