Uthibitishaji wa Ununuzi Ndani ya Programu za Simu za Afya

Utangulizi

Programu ya simu inayomsaidia mgonjwa kuishi na maradhi ya kudumu ina gharama zake: waandishi wa masomo, watabibu wanaoyahakiki, na seva zinazoyahifadhi. Kwa sababu hiyo watayarishaji wengi huacha sehemu ya programu iwe bure, na sehemu nyingine ilipiwe kupitia duka la programu, yaani App Store ya Apple au Google Play. Mgonjwa anapolipa, programu hulazimika kujibu swali moja: je, malipo haya ni ya kweli? Somo hili linaeleza namna ya kulijibu.

Swali hilo lina pande mbili. Asiyelipa akifunguliwa, programu hupoteza mapato. Aliyelipa akifungiwa, hupoteza fedha zake na huduma aliyokuwa akiitegemea. Mara nyingi upande wa kwanza ndio unaotiliwa mkazo. Katika programu ya afya upande wa pili una uzito zaidi, na mfumo mzima wa uthibitishaji unapaswa kujengwa kwa kuukumbuka.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni: programu ya mtu mwenye kisukari, yenye daftari la vipimo vya sukari lililo bure na mfululizo wa masomo ya lishe yanayolipiwa kila mwezi. Mfano huu unahusu bidhaa za kidijitali tu. Dawa inayopelekwa nyumbani hailipiwi kwa njia hii, na kanuni za Apple huruhusu ushauri wa ana kwa ana wa wakati huohuo kati ya daktari na mgonjwa mmoja ulipiwe kwa njia nyingine.

Kwa nini neno la simu halitoshi

Mwenye duka aliyezoea malipo ya simu hatoi bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe wa M-Pesa ulio katika simu ya mteja. Husubiri simu yake mwenyewe ipokee ujumbe, au huangalia salio lake, kwa kuwa ujumbe ulio mkononi mwa mnunuzi unaweza kughushiwa. Programu ya simu imo katika hali hiyohiyo. Inafanya kazi ndani ya kifaa cha mnunuzi, naye akiwa na ujuzi anaweza kukibadilisha kifaa hicho kiseme lolote.

Jambo hili lilidhihirika mwezi Julai 2012. Mtayarishaji mmoja wa Urusi alitangaza njia ya kupata bidhaa za ndani ya programu za iPhone pasipo kulipa. Mtumiaji alisakinisha vyeti vya usalama vya bandia na kubadilisha mipangilio ya mtandao, kisha maombi ya ununuzi yakaelekezwa kwenye seva iliyojifanya kuwa App Store. Programu iliyoridhika na jibu lililofika katika simu ilifungua mlango. Apple iliwashauri watayarishaji wathibitishe risiti kwa kupitia seva zao wenyewe, na ikaziba tundu hilo katika iOS 6. Kanuni iliyotokana na tukio hilo ingali hai: simu huleta ushahidi, na seva ndiyo inayoamua.

Njia ya ununuzi, hatua kwa hatua

1. Kabla ya malipo, seva humpa mtumiaji kitambulisho cha nasibu. Maduka yote mawili huruhusu kitambulisho hicho kiambatanishwe na ununuzi, ili baadaye ijulikane malipo ni ya akaunti ipi. Kisiwe namba ya simu wala namba ya jalada la hospitali.

2. Mtumiaji hulipa dukani. Tangu toleo la pili la StoreKit lilipotolewa mwaka 2021, Apple hurudisha muamala uliotiwa saini ya kidijitali. Google Play hurudisha tokeni ya ununuzi, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoutambulisha ununuzi huo.

3. Programu huupeleka ushahidi huo kwenye seva ukiwa kamili. Haipeleki kauli tupu kwamba mtumiaji amelipa, kwa kuwa kauli tupu inaweza kutungwa na yeyote.

4. Seva huuchunguza ushahidi. Kwa Apple, huhakiki saini pamoja na mnyororo wa vyeti hadi kufikia cheti cha mzizi cha Apple. Kisha huangalia kama muamala ni wa programu hii, ni wa bidhaa iliyotajwa, haukutoka katika mazingira ya majaribio, na haujabatilishwa. Kwa Google, seva huipeleka tokeni kwa Google yenyewe na kuuliza hali ya ununuzi. Njia ya zamani ya Apple ya kutuma risiti nzima ihakikiwe ilitangazwa mwaka 2023 kuwa imepitwa na wakati, hivyo mradi mpya usianze nayo.

5. Seva huandika namba ya muamala au tokeni katika hifadhidata, mahali pasiporuhusu namba moja kuandikwa mara mbili, na kuifungamanisha na akaunti moja. Hatua hii inafanana na muhuri ambao mfamasia huugonga juu ya cheti cha dawa. Cheti ni halali na daktari ni wa kweli, lakini bila muhuri kingeweza kuzungushwa katika maduka kumi. Tokeni halali isiyowekewa alama inaweza kufungua akaunti kumi.

6. Baada ya kuandika, seva humfungulia mtumiaji, kisha duka huarifiwa kwamba bidhaa imetolewa. Google Play hutoa siku 3 za kukiri ununuzi. Zikipita bila kukiri, mnunuzi hurudishiwa fedha na haki yake hufutwa. Katika mfumo wa Apple, muamala usiofungwa huletwa tena programu inapofunguliwa.

Mpangilio wa hatua ya 5 na ya 6 usigeuzwe. Seva ikikiri kabla ya kuandika, kisha umeme ukakatika, duka litaamini kuwa bidhaa imetolewa, ilhali mgonjwa hana kitu.

Mfano wa kukatika kwa mtandao

Mgonjwa amelipa Jumamosi usiku. Duka limekata fedha, lakini mtandao umekatika kabla ushahidi haujafika kwenye seva. Afungue programu asubuhi, itaukuta muamala ambao haujakamilika na kuutuma. Seva haina kumbukumbu yake. Itauthibitisha, itauandika, itamfungulia na kukiri.

Sasa tuchukulie kwamba ushahidi ulifika na seva ikauandika, ila jibu lilipotea njiani. Programu itatuma tena. Seva itakuta namba ileile imekwisha kuandikwa kwa akaunti ileile, nayo itajibu kwamba huduma imefunguliwa. Isijibu kwamba ununuzi umerudiwa, wala isiongeze mwezi wa pili. Ikiwa namba hiyo imeandikwa kwa akaunti nyingine, hapo ndipo seva huzuia, na shauri hupelekwa kwa mtu wa huduma kwa wateja. Huenda ni udanganyifu; huenda pia ni mgonjwa aliyefungua akaunti mpya baada ya kusahau nywila.

Hali zilizo kati ya ndiyo na hapana

Tabibu anajua kwamba matokeo ya maabara ambayo hayajatoka si matokeo hasi. Mtayarishaji anahitaji nidhamu hiyohiyo. Seva ya duka isipojibu, malipo hayajakataliwa, hayajajulikana tu. Mfumo unaozichanganya hali hizo mbili utawafungia wateja wote waaminifu kila mara mtandao unapoyumba. Inafaa ombi liwekwe kwenye foleni na kurudiwa, na aliyekuwa na haki jana aendelee kuwa nayo kwa muda uliopangwa hadi jibu lipatikane.

Zipo hali nyingine nne zinazopaswa kuandaliwa mapema.

Ya kwanza ni malipo yanayosubiri. Google Play huruhusu katika baadhi ya nchi malipo yakamilishwe baadaye, kwa mfano kwa fedha taslimu. Na katika Apple, mtoto anaweza kuomba kibali cha mzazi kabla ya kununua. Hapa bidhaa haitolewi bado, ila mtumiaji aelezwe kwamba ombi lake limepokelewa. Zile siku 3 za Google huhesabiwa tangu malipo yanapokamilika.

Ya pili ni malipo ya mwezi mpya kushindikana, labda kwa kadi iliyokwisha muda. Maduka yote mawili humwezesha mtayarishaji kuweka kipindi cha neema, ambacho huduma huendelea huku duka likijaribu tena kukata fedha. Kwa programu ya afya, kipindi hicho kiwekwe.

Ya tatu ni fedha kurudishwa. Duka huiarifu seva, nayo huyafunga masomo yaliyolipiwa. Arifa ya Apple huja ikiwa na saini, na saini hiyo ihakikiwe. Arifa ya Google ichukuliwe kama kengele inayoiambia seva ikaulize hali halisi.

Ya nne ni mgonjwa kubadilisha simu. Programu iwe na kitufe kinachoonekana wazi cha kurejesha ununuzi, ili asilazimike kulipa tena kile alichokwisha kukilipia.

Yasiyopaswa kufungwa

Uthibitishaji hata ukiwa bora unaweza kukosea. Kwa hiyo kilicho nyuma ya kufuli kisiwe kitu ambacho kukikosa kwa saa moja kunamdhuru mtu. Katika mfano wetu, maelezo ya sukari kushuka chini ya 3.9 mmol/L, dalili zake za kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa, na huduma ya kwanza ya gramu 15 za sukari kwa mgonjwa anayeweza kumeza, kisha kupima tena baada ya dakika 15, yote haya yawe bure na yahifadhiwe ndani ya simu ili yasomeke bila mtandao.

Vilevile vipimo ambavyo mgonjwa ameviandika mwenyewe ni mali yake. Muda wa malipo ukiisha, masomo hufungwa. Daftari hubaki wazi, na uwezo wa kulitoa ili kumwonyesha daktari hubaki pia. Uamuzi huu ufanywe na tabibu pamoja na mtayarishaji kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa.

Siri ya mgonjwa

Jina la bidhaa huonekana katika risiti inayotumwa kwa barua pepe na katika historia ya ununuzi. Familia nyingi hutumia simu moja au akaunti moja. Bidhaa ikiitwa kwa jina la ugonjwa, risiti itatangaza kile ambacho mgonjwa hajamwambia mtu. Jina kama «Masomo ya mwezi» latosha. Katika seva, kumbukumbu za malipo zitenganishwe na kumbukumbu za afya, ziunganishwe kwa kile kitambulisho cha nasibu tu. Funguo za siri za kuwasiliana na maduka zikae katika seva, zisiwekwe kamwe ndani ya programu.

Majaribio

Maduka yote mawili yana mazingira ya majaribio ambamo fedha halisi hazikatwi, na usajili wa mwezi mmoja huweza kupita kwa dakika 5. Hivyo ndani ya saa moja timu inaweza kushuhudia kujisajili, kuendelea, kushindikana na kukoma. Mtandao ukatwe makusudi katika kila hatua, na tokeni moja itumwe mara mbili kutoka akaunti mbili. Tabibu awepo wakati wa majaribio, aulize baada ya kila kosa: mgonjwa anaona nini sasa?

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuhakiki saini pekee hakutoshi kuzuia tokeni moja kutumiwa na watu wengi?

2. Seva ya duka haijajibu kwa dakika 20, na mgonjwa aliyelipa mwezi uliopita anafungua programu. Aone nini, na kwa nini?

3. Ainisha sehemu za programu unayoifahamu katika makundi mawili: zinazoweza kufungwa malipo yakikoma, na zisizopaswa kufungwa kamwe. Eleza kigezo ulichotumia, kisha kijadili na mwenzako wa fani nyingine: tabibu kwa mtayarishaji, au mtayarishaji kwa tabibu.