Kukopa Ili Kulipa Riba ya Nyumba ya Kupangisha: Kodi Husaidia Kiasi Gani?

Watu wengi hununua nyumba ya kupangisha kwa mkopo wa benki, wakitarajia kwamba pango litaulipa mkopo huo. Pango lisipotosha, hukopa kwingine ili kuziba pengo, wakijifariji kuwa riba hupunguza kodi ya serikali. Kwa baadhi yao faraja hiyo ina ukweli kidogo. Kwa wengine haina ukweli wowote.

Njia mbili za kutozwa kodi

Mkazi wa Kenya anayepokea pango la nyumba za makazi la zaidi ya shilingi 288,000 lakini lisilozidi milioni 15 kwa mwaka, hutozwa kodi ya kila mwezi ya asilimia 7.5. Kiwango hiki kilianza Januari 1, 2024. Kodi hukokotolewa kwa pango lote. Riba, bima na ukarabati havipunguzwi. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mwenye nyumba anaweza kumwandikia Kamishna kwamba amechagua kutozwa kwa mwaka. Hapo gharama za kupata pango hutolewa kwanza: riba ya mkopo, ada za ardhi, bima, ukarabati na malipo ya wakala. Faida inayobaki hujumlishwa na mapato yake mengine. Fedha zinazorejesha mkopo wenyewe hazitolewi. Ni riba pekee inayotolewa.

Mfano

Mwajiriwa ambaye mshahara wake umefikia kiwango cha asilimia 30 anapokea pango la shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Riba yake ni 480,000 na gharama nyingine ni 90,000.

- Njia ya mwezi: 7.5% ya 720,000 = shilingi 54,000.
- Njia ya mwaka: 720,000 − 570,000 = 150,000; 30% yake = shilingi 45,000.

Njia ya mwaka inamfaa. Lakini riba itakapoteremka hadi 360,000, faida itakuwa 270,000 na kodi ya mwaka 81,000. Hapo njia ya mwezi ndiyo nafuu. Kwa mtu wa kiwango hiki, njia ya mwaka humfaa gharama zake zikizidi robo tatu ya pango.

Pengo halizibwi na kodi

Tuseme benki humdai 58,000 kila mwezi. Ukiongeza gharama nyingine 7,500 na kodi 3,750, anatoa 69,250 ilhali anapokea 60,000. Pengo ni 9,250 kwa mwezi, au 111,000 kwa mwaka. Akilikopa, mwaka ujao atakuwa na deni hilo, riba yake, na pengo jipya.

Hata katika njia ya mwaka, kila shilingi 1,000 ya riba inayokubaliwa humpunguzia kodi ya shilingi 300 tu. 700 zinatoka mfukoni mwake. Katika njia ya mwezi, zote 1,000 ni zake. Aidha, hasara ya pango haipunguzi kodi ya mshahara.

Kinachotazamwa ni matumizi ya fedha

Mkopo uliodhaminiwa na nyumba ya kupangisha lakini ukalipia karo ya shule, riba yake haikubaliki. Nafuu ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi kwa riba ya mkopo wa nyumba ni ya makao unayoishi mwenyewe. Usiihesabu kwa nyumba uliyopangisha.

Kabla ya kukopa tena

1. Hakikisha unatozwa kodi kwa njia ipi.
2. Kokotoa pengo la mwezi, ukihesabu pia miezi ambayo nyumba itakosa mpangaji.
3. Iombe benki kwanza ikuongezee muda wa kulipa, na uulize jumla ya riba itakayoongezeka.
4. Tenga akaunti ya nyumba, na uhifadhi taarifa za benki na risiti.

Zoezi

Pango lako ni shilingi 40,000 kwa mwezi na unatozwa kwa njia ya mwezi. Umekopa na kulipa riba ya 10,000. Kodi yako ya mwezi ni kiasi gani? *Jibu: shilingi 3,000, sawa na kama hukukopa kabisa.*