Kungumanga: Maswali ya Shambani na Jikoni

Mtaalamu wetu wa mazao ya viungo anajibu maswali ya wasomaji.

Nina mikungumanga sita niliyoipanda kwa mbegu. Mwaka wa saba huu, minne inazaa, miwili inatoa maua tu. Niikate?

Usiikate yote. Mkungumanga una mti dume na mti jike, na mche wa mbegu huujui ni upi mpaka uchanue, mwaka wa tano hata wa nane. Hiyo yako miwili bila shaka ni madume, na pasipo chavua yake mijike haishiki matunda. Dume mmoja hutosha kwa mijike kumi hivi, kwa hiyo mmoja uache. Wa pili waweza kuubebesha kikonyo cha mti jike, lakini kikate kwenye chipukizi lililosimama wima. Kikonyo cha tawi la ubavuni hutoa mti unaotanuka chini kama kichaka, nao utakusumbua maisha.

Basibasi ni mti mwingine?

Mti ni huo huo. Tunda lake la manjano, ukubwa wa pera dogo, likiiva hupasuka lenyewe. Ndani utaona gamba la kahawia iliyokolea, linang'aa, limekumbatiwa na wavu mwekundu. Wavu ndio basibasi, na kokwa lililo ndani ya gamba ndilo kungumanga. Basibasi hubanduliwa kwa vidole taratibu isichanike, ikaanikwa mpaka wekundu ufifie kuwa rangi ya chungwa.

Kungumanga yenyewe inataka subira. Hukaushwa ikiwa bado ndani ya gamba, wiki sita hadi nane, mpaka ukiitikisa usikie kokwa linagonga. Jua kali huiondolea mafuta, na mafuta ndiyo harufu. Mwenye haraka huvunja gamba kokwa likiwa na unyevu, akafunga gunia, kuvu ikaingia. Nchi za Ulaya hupima sumukuvu kwenye kungumanga, na mzigo uliozidisha kiwango hukataliwa bandarini.

Asili yake ni Zanzibar?

La. Asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia, na kwa karne nyingi dunia nzima iliipata kutoka huko tu. Mwaka 1621 Waholanzi wakiongozwa na Jan Pieterszoon Coen waliwaua na kuwatawanya wenyeji wa Banda ili biashara iwe yao peke yao. Mwaka 1667, kwa mkataba wa Breda, Waingereza waliwaachia kisiwa kidogo cha Run, wao wakabaki na mji ulioko Manhattan ambao leo ni New York. Baadaye miche ilifika kwingine, hadi Grenada, ambayo imeichora kungumanga kwenye bendera yake. Unguja inastawi vizuri, ila mbele ya karafuu ni zao dogo.

Sokoni nichague ipi?

Nzima, nzito mkononi, isiyo na tundu hata moja, maana tundu ni dalili kwamba imebunguliwa. Ichome sindano: nzuri hutoa mafuta. Unga wa pakiti mimi sinunui. Harufu yake imeshapotea, na huwezi kujua kilichosagwa humo.

Niitieje kwenye chakula?

Ikwaruze palepale unapoihitaji, na iliyobaki irudishe kwenye chupa yenye kifuniko. Kwenye masala ya biriani ya watu kumi, robo ya kijiko cha chai inatosha. Basibasi ni laini zaidi, itie nzima kwenye wali. Kwenye chai ya maziwa au tambi za sukari, tia mwisho, ukishaepua. Halua bila iliki na kungumanga, kwangu mimi, ni utamu mtupu.

Ni kweli inalevya?

Kwa kiasi cha mapishi, hapana. Ikizidi, ni kweli, na si ulevi wa kutamani: kichefuchefu, kinywa kukauka, moyo kwenda mbio, kuona yasiyokuwapo. Gramu 5 za unga zinatosha kumdhuru mtu mzima, na hizo hupatikana kwenye kokwa moja tu. Dalili huchelewa saa kadhaa, ndipo mtu hudhani haijamwingia akaongeza. Mjamzito aishie kwenye ladha ya chakula, asiifanye dawa. Aliyeila kwa wingi apelekwe hospitali, na mhudumu aambiwe wazi ni kungumanga.