Mwani Tunaokula: Lishe Yake Hutegemea Maji na Jua

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Mwani mwingi huuzwa nchi za nje, lakini siku hizi umeingia pia jikoni kwetu: katika achari, sharubati, jemu na uji. Basi familia huuliza, "Una faida gani mwilini?" Jibu hutegemea namna ulivyokua.

Mwani hauna mizizi ya kunyonya chakula ardhini. Hupata chakula chake katika maji yanayoupitia. Tuangalie mambo manne.

1. Rutuba ya maji. Maji yakiwa na naitrojeni ya kutosha, mwani huwa na rangi nzito na protini huongezeka. Naitrojeni ikipungua, mwani hupauka, protini hushuka, na ute uitwao karajinani huongezeka. Ute huo haujengi mwili. Hupita tumboni kama nyuzinyuzi.

2. Jua na joto. Katika maji mafupi jua kali huupausha mwani. Joto likizidi, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Huo ni mwani mgonjwa, tusiutie chunguni.

3. Usafi wa maji. Mwani hauchagui. Karibu na mifereji ya maji machafu hunyonya hata risasi na kadimiamu, na kuchemsha hakuondoi sumu hizo zote.

4. Kuvuna na kukausha. Kwa kawaida mwani huvunwa baada ya wiki 6 hivi. Uanikwe juu ya uchanja, si mchangani. Mvua ikiunyeshea, huosha chumvi na madini yake.

Hapa ndipo penye hatari. Mwani una madini joto, yanayozuia rovu na kulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Wako wanaodhani kwamba wakila mwani hawahitaji tena chumvi yenye madini joto. Wanakosea. Kijiko cha mwani wa shamba hili si sawa na cha shamba lile, wala cha masika si sawa na cha kiangazi. Madini hayo yakipungua hudhuru, na yakizidi mno pia hudhuru tezi ya shingo.

Kwa hiyo tushike haya:
- Tuendelee kutumia chumvi yenye madini joto.
- Mwani uwe mboga, usiwe dawa. Usichukue nafasi ya dagaa na maharage katika sahani ya mtoto.
- Tumwulize muuzaji: umelimwa wapi, umeanikwa wapi?
- Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa tezi wapate kwanza ushauri wa zahanati.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Kwa nini mwani wa vijiji viwili hutofautiana kwa lishe?
2. Je, chumvi tunayotumia nyumbani ina madini joto?