Mficha Wazo Hazai

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Nilipofundishwa methali hii katika kidato cha kwanza, nilicheka na wenzangu wa dawati la nyuma, nikaiandika daftarini na kuisahau. Ilichukua mihula miwili na hasara ya shangazi yangu ndipo nikaielewa sawasawa. Katika makala haya nitawasimulia yaliyonipata, kisha tujifunze pamoja jinsi wazo la biashara, hasa biashara ya programu za kompyuta, linavyokua au linavyokufa.

Daftari chini ya godoro

Mimi naishi kwa shangazi yangu, ambaye huuza viatu vya mitumba katika soko la Toi, jirani kabisa na Adams Arcade. Ukishuka matatu pale Adams kwenye barabara ya Ngong, ukayapita maduka na wauza matunda, mara unajikuta vibandani. Wateja wake wengi hulipa kidogo kidogo: leo mia mbili, Ijumaa mia, mwisho wa mwezi zilizobaki. Yote huyaandika katika daftari la kurasa tisini na sita.

Likizo ya Aprili nikiwa kidato cha pili, nilikuwa nikimsaidia kuuza, nikapata wazo. Kwa nini nisitunge programu ya simu ya kuweka hesabu hizo na kuwatumia wadeni arafa ya kuwakumbusha? Moyo ulinidunda. Nilijiona nimekwisha kuwa tajiri! Niliyaandika yote katika daftari, nikalifunga kwa gazeti na kulisukuma chini ya godoro.

Rafiki yangu aliniuliza, "Wewe, siku hizi unaandika nini usiku?"

"Aa, ni hesabu tu," nikamjibu.

Hata shangazi sikumwambia. Nilihofu kwamba angewasimulia majirani sokoni, na mmoja wao ana kijana anayesomea kompyuta. Basi nikajifungia na siri yangu. Muhula wa pili ukapita, wa tatu nao ukaisha.

Mwezi wa Novemba mvua ya vuli ikanyesha usiku kucha. Maji yakapenya paa la kibanda, na asubuhi daftari la shangazi lilikuwa uji wa wino. Wadeni waungwana walikuja wakataja deni lao wenyewe. Wengine walianza kupita njia ya mbali. Alipoteza zaidi ya shilingi elfu saba, na hizo kwa mtu anayenilipia karo si hela za kuchezea.

Jioni ile nilitoa daftari langu nikampa. Alilisoma, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Haya ulikuwa nayo tangu Aprili?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mimi nakupikia hapa kila siku?"

Sikuwa na la kusema.

Kisha alianza kuniuliza maswali. "Huyu mama ukimtumia arafa ya deni, mumewe akaisoma, si nitampoteza mteja? Na hapa umeandika nijaze majina mawili na nambari ya kitambulisho. Mimi namjua Mama Brayo na Fundi wa Saa. Kitambulisho cha nini? Kwani mimi ni polisi?" Mwishowe akasema kwamba hakuhitaji makubwa. Alichotaka ni nakala ya daftari lake isiyolowa maji. Kwa dakika kumi alifuta nusu ya kazi yangu, na iliyobaki ikawa rahisi kutengeneza. Yule rafiki yangu niliyemdanganya ndiye aliyenisaidia kuimaliza, na leo shangazi na wenzake wawili wanaitumia.

Basi, ndugu msomaji, jiulize: ni nani aliyeniibia? Hakuna. Niliogopa mwizi ambaye hakuja, na mvua ambayo sikuiogopa ikaja.

Funzo la barabara ya Ngong

Nilipoanza kuchunguza jambo hili niligundua kwamba barabara hii tunayopita kila siku ina historia yake kuhusu mawazo yaliyosemwa hadharani.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu iliingia katika ghasia. Tarehe 3 Januari 2008, wakili Ory Okolloh aliandika wazi wazi kwamba ingefaa kuwe na ramani ya kuonyesha mahali ambapo vurugu zilikuwa zikitokea, akawaomba wenye ujuzi wa kompyuta wajitokeze. Hakusema "nina wazo, lakini siwaambii." Wakajitokeza akina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, na baada ya siku chache tu programu iliyoitwa Ushahidi ilikuwa ikifanya kazi. Mwananchi aliweza kutuma habari ya alichokiona, nayo ikawekwa kwenye ramani. Isitoshe, waliifanya iwe programu huria, yaani mtu yeyote aruhusiwe kuichukua na kuirekebisha. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, programu hiyo iliyozaliwa Kenya ilitumiwa huko. Lau wazo lile lingefungwa kwa gazeti, Haiti wangelisikia wapi?

Mwezi wa Machi mwaka huo huo wa 2010, iHub ilifunguliwa katika jumba la Bishop Magua, kando ya barabara hii hii ya Ngong, si mbali na Adams. Ingawa baadaye ilihama jumba lile, miaka yake ya hapo ilitoa funzo kubwa. Vijana walikaa pamoja, wakatumia intaneti moja na kuulizana maswali. Aliyekwama katika msimbo alimgeukia wa meza ya pili.

Mwaka huo huo tena, wasichana watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, waliingia katika shindano la IPO48. Huko washiriki walisimama mbele ya watu, wakaeleza mawazo yao, kisha wakapewa saa 48 za kuyatengeneza. Wazo la wasichana hao liliitwa M-Farm: mkulima ajue bei ya mazao sokoni kwa arafa, asidanganywe na madalali. Walishinda yuro 10,000. Fedha hizo zilitokana na kusema.

Mfano wa mwisho tunao mifukoni. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2005, nia ilikuwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Waliopewa kuijaribu wakaitumia kwa mambo yao mengine, ikiwa ni pamoja na kutumiana pesa. Wenye kampuni wakayaona hayo, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma pesa. Watumiaji ndio waliowafundisha, kama shangazi alivyonifundisha mimi.

Je, wezi hawapo?

Wapo! Sitaki mtu aende nyumbani akidhani namwambia aache mlango wazi. Lakini ni vizuri tujue sheria inalinda nini.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaziweka programu za kompyuta katika kundi moja na riwaya na mashairi, yaani kazi za fasihi. Wanachama wa Kiswahili, hapo si tumefika nyumbani? Fikirini kuhusu insha. Mwalimu akitupa mada "Siku nitakayoikumbuka", sote arobaini tunaandika juu ya mada hiyo moja na hakuna aliyemwibia mwenzake. Lakini ukinakili sentensi zangu, hapo umeniibia. Programu ni vivyo hivyo. Wazo la kuhesabu madeni ya mitumba ni mada, na kila mtu ana ruhusa nalo. Msimbo nilioutunga ndio insha yangu, na hakimiliki yake ni yangu tangu nilipouandika. Nayo Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka huo huo haihesabu njia ya kufanyia biashara kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza.

Kwa hiyo aliyekaa na wazo tupu akingoja sheria imlindie anangoja embe chini ya mnazi. Kinacholindwa ni kazi. Fanya kazi kwanza.

Jinsi ya kushiriki wazo

Kutokana na makosa yangu, nawapa wenzangu mashauri haya:

1. Mwambie kwanza mwenye shida. Kama wazo ni la wauza samaki, usianzie kwa mwenye kompyuta. Anzia kwa muuza samaki.

2. Eleza shida kabla ya dawa. Uliza, "Deni likipotea, wewe hufanyaje?" Ukianza kwa kusifu programu yako, watu watakusifu kwa adabu tu, nawe utarudi nyumbani mtupu.

3. Andika tarehe. Weka daftari lenye siku uliyoanza, uliyoongea nao na walichosema. Likizuka gomvi, maandishi yatakusemea.

4. Sema wazo, tunza funguo. Nywila zako, msimbo ambao haujakamilika, na hasa majina na madeni ya wateja si vya kutangaza. Siri ya Mama Brayo si yako kuitoa.

5. Patana mapema na mwenzako. Mkiwa wawili, andikeni nani atafanya nini na mapato yatagawanywaje, hata kama mapato yenyewe ni ya chapati mbili.

6. Mtaje aliyekusaidia. Mtu akitajwa, kesho atakusaidia tena.

Maswali ya kujipima

(a) Taja tofauti kati ya wazo na kazi kwa mujibu wa makala haya.
(b) Ushahidi na M-Farm zilinufaikaje kwa kusemwa mbele za watu?
(c) Shangazi alikataa mambo gani mawili katika programu, na kwa nini?
(d) Toa methali mbili nyingine zinazohimiza kushauriana.
(e) Je, wewe una nini chini ya godoro?

Swali la mwisho halina alama, lakini jibu lake ningependa kulisikia. Chama chetu hukutana kila Alhamisi baada ya masomo. Njoo, usimame, useme. Tutakucheka kidogo, kama kawaida yetu, halafu tutakusaidia. Daftari langu la zamani sasa liko kibandani, na shangazi huandikia humo bei za viatu. Mvua ikinyesha, hana wasiwasi.