Printa ya Rangi Inapogoma Kuwaka: Zoezi la Kutafuta Chanzo

Aghalabu mwalimu kijana ndiye anayeitwa printa ya ofisi inapogoma usiku wa kuamkia mtihani. Hapo ndipo fedha za shule hupotea: mashine huzimwa na kuwashwa mara kumi, kisha kifaa kipya huagizwa kwa kubahatisha. Yafaa mwanachuo aitumie njia ile ile anayosahihishia hesabu ya kugawanya. Haitoshi kutia alama ya kosa. Sharti aitafute hatua ambamo mtoto alipotea.

Printa ya leza ya rangi, kila iwashwapo, hujipima yenyewe kwa utaratibu. Umeme huifikia bodi, nayo hukagua memori. Kisha mota huzunguka, kioo cha leza hushika kasi, na roli za joto hupashwa hadi zifae kuyeyusha unga wa wino, yaani nyuzi 180 hivi za Selsiasi au zaidi. Mwishoni mashine hupatanisha rangi zake nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa kuweka alama juu ya mkanda wa ndani na kuzisoma. Basi swali la kwanza ni hili: imesimama wapi?

Ikiwa hakuna hata taa, wino hauhusiki. Ijaribu soketi kwa pasi, kisha ubadili kebo. Taa ikiwaka nazo mota zisizunguke, shaka huelekea kwenye bodi au memori. Mlio wa kusaga mara nyingi hutokana na mkebe wa wino usiokaa sawasawa, au utepe wa kufungashia ambao haukuondolewa.

Namba zionyeshwazo na mashine zahitaji uangalifu zaidi. Katika HP LaserJet, namba 50 huzitaja roli za joto. Hata hivyo roli hizo hula umeme mwingi zinapopashwa. Printa ikichomekwa kwenye kebo ya kuongezea au betri ya akiba, umeme huweza kupungua, na roli nzima zikalaumiwa bure. Ichomeke ukutani moja kwa moja, uiache imezimwa nusu saa, ndipo uijaribu tena.

Namba 49 huwatisha wengi, wakadhani bodi imekufa. Chomoa kebo ya mtandao, uiwashe. Ikifika hali ya kuwa tayari, huenda bodi ni nzima: mara nyingi kuna kazi mbovu iliyokwama katika foleni ya kompyuta, nayo huiangusha printa kila kebo irudishwapo. Ifute kazi hiyo kwanza.

Katika zoezi, wanachuo waandike ubaoni hatua iliyofikiwa, jambo lililobadilishwa na lililotokea. Wabadili jambo moja tu kila mara. Wakibadili mawili na mashine ikapona, hawatajua dawa ilikuwa ipi. Roli za joto zisiguswe kabla hazijapoa. Wala mtu asikandamize swichi ya mlango kwa kijiti ili achungulie mashine ikifanya kazi: mwali wa leza huweza kudhuru jicho bila kuonekana.