Mbona kitufe kimoja tu kinachukua muda hivyo?

Wengi wenu mmetuuliza: kuweka kitufe cha kurudisha pesa zilizoenda nambari isiyo sahihi, si ni kazi ya siku moja?

Watengenezaji wetu wa programu hawaanzi na siku. Wanaanza na karata, njia aliyoibuni James Grenning mwaka wa 2002. Kila mmoja ana 1, 2, 3, 5, 8 na 13. Hizo si saa. Ni ukubwa wa kazi ukilinganishwa na nyingine waliyokwisha kuifanya. Karata hufunuliwa kwa pamoja, ndio mkubwa asitaje yake kwanza halafu wote wamfuate. (Kwenye chama tunaijua hiyo, sivyo?)

Kwa kitufe hiki, mmoja aliweka 3, mwingine 13. Wa 3 aliwaza kitufe chenyewe. Wa 13 akauliza: na kama aliyepokea ameshazitoa kwa wakala? Na mtu akilipia unga dukani, atoke nje, abonyeze "rudisha"? Mwenye duka atakula hasara?

Hapo kazi ikagawanywa vipande, na karata zikarudi mezani. Ndiyo maana bado hatujawapa tarehe. Kwa sasa ukikosea nambari, pigia huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa hazijatolewa.